Siku Madame Alipochagua Nyumba

Kisangani, Makiso

Yaya Adeline, dada yangu mpenzi,

Kabla sijakusalimia, acha niseme jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata padri: ndani ya bahasha hii kuna picha niliyoificha. Nimeiweka katikati ya vipande viwili vya karatoni isikunjike. Usiitazame bado. Soma kwanza.

Sasa nakusalimia. Hujambo wewe, hajambo Shemeji Jean-Paul, na mtoto ameacha kukohoa? Sisi huku tuko salama. Papa bado anagombana na madereva wa malori, na Mama anasema tangu uolewe Basoko umesahau kalamu. Diplome yangu imetoka, na Papa amekwisha kunitengea kiti katika depo yake ya bidhaa, karibu na magunia ya chumvi. Unanijua, maneno yangu hufika watu wakishaondoka.

Nikisubiri kiti hicho, namfuata mjomba wetu, Tonton Philippe. Anatayarisha maonyesho ya picha za sikukuu za vijijini: mbio za bata, mbio za mbuzi, zote ambazo watu wa mjini hawazijui. Amenipa kamera yake ya zamani na kugawa kazi: wanyama ni wake, nyuso za watazamaji ni zangu. Alisema mtu mwenye haya hupiga picha za nyuso vizuri, kwa kuwa hakuna anayekumbuka kwamba yuko pale. Halafu akanipa sheria moja tu, kwamba mpiga picha hachagui upande. Anaonyesha yote aliyoyaona.

Basi tulienda kijiji kimoja upande wa Banalia, kwenye sikukuu ya mavuno ya mpunga. Mbuzi wao hawakimbizwi kwa fimbo, Yaya. Wanafunguliwa kule mtoni, na wenye mbuzi wanasimama mbele ya kanisa na kuwaita. Ni marufuku kushika chakula, ni marufuku kumgusa mnyama. Ni sauti tu. Mbuzi anayemfikia mwenyewe kwanza ameshinda. Lakini kuna desturi nyingine: mbuzi akimwacha mwenyewe akamwendea mtu ambaye hakumwita, wanasema amechagua nyumba, na tangu siku hiyo ni wa mtu huyo. Ila kama mtu huyo alimwita, huo unaitwa wizi wa mdomo. Haruhusiwi tena kukanyaga sikukuu, na watoto wanamwimbia njiani.

Mwaka huu kila mtu alimtaja Papa Alexis na mbuzi wake jike, mnene, mwenye mimba. Anaitwa Madame. Mama Josée, aliyekuwa mke wa Papa Alexis, ndiye aliyemlea kwa maganda ya mihogo baada ya mama wa mbuzi huyo kufa, akilala naye jikoni wakati wa mvua. Halafu Papa Alexis alimrudisha Mama Josée kwao, akaoa mwingine, na Madame akabaki. Mama Josée aliondoka na sufuria moja. Nililala nyumbani kwa dada yake, anakoishi sasa, ndiyo maana nayajua haya. Usiku wa kuamkia mbio Mama Josée aliniuliza kama Madame bado anachechemea mguu wa nyuma. Nikamjibu sijui.

Siku yenyewe Mama Josée alisimama nyuma kabisa ya watu, karibu na ukuta wa kanisa, na kamera yangu ilikuwa imeelekezwa usoni pake. Wenye mbuzi walipiga kelele hadi mtu hawezi kusikia jina lake mwenyewe. Papa Alexis aliita Madame, Madame, na wanawake wakacheka, wakasema angalau Madame mmoja amebaki nyumbani kwake. Madame alikuja mbele ya wote. Alipomkaribia, akageuka, akapita kati ya miguu ya watu, akaenda kuegemeza kichwa kwenye magoti ya Mama Josée. Mtu mmoja akasema, « Alexis, na huyu naye anaenda kwao. » Hata Papa Alexis alitaka kucheka, lakini mdomo ulikataa.

Halafu akasema huyu mwanamke ameita. Mama Josée akasema hakuita. Hakuna aliyesikia, hakuna aliyemwona, kwa sababu wote walikuwa wanatazama mbuzi. Papa Asumani, mwamuzi wa mbio, fundi wa baiskeli mwenye megafoni, akakumbuka yule binti wa kamera.

Nilimwonyesha picha ya Madame magotini. Mdomo wa Mama Josée umefungwa, macho yamefumbwa. Papa Asumani aliitazama sana, akampa Papa Alexis naye atazame. Tonton Philippe akaniuliza kama kuna nyingine ya kabla ya hapo. Nikatikisa kichwa. Hakuna aliyeshangaa kwamba sikusema zaidi, na ni mara ya kwanza haya zangu zimenisaidia. Papa Asumani akatangaza kwenye megafoni kwamba Madame amechagua nyumba.

Lakini ilikuwepo, Yaya. Ndiyo hiyo uliyo nayo. Sasa unaweza kuitazama. Mdomo wake uko wazi kidogo tu, kama mtu anayemwita mtoto aliyelala bila kutaka kumwamsha. Pembeni mwa picha, mbali, kichwa cha Madame ndiyo kwanza kinageuka.

Wakati wa kuagana, Mama Josée alinishika mikono miwili. Alinishukuru kwa picha ile moja. Alisema hivyo, ile moja, akanitazama mpaka nikainamisha macho.

Tonton ameikuza ile ya magotini. Itatundikwa karibu na mlango wa maonyesho, na jina langu chini yake. Papa ameahidi kuja kuitazama, kisha ndipo tuzungumze habari ya kiti. Kila Tonton anapoisifu, naikumbuka sheria yake ya kutochagua upande. Ile nyingine niliichapisha, nikaifuta kwenye kamera. Kuichana nilijaribu, mikono ikakataa.

Barua hii inakuja na Mama Françoise kwa baleinière, ile mashua ya mtoni. Nimemwambia ni mtindo wa kushona kitenge. Msalimie Shemeji, mbusu mtoto kwa ajili yangu, na Mama anaomba samaki wa kukaushwa ukipata mtu anayepanda mto kuja huku. Lakini picha usimwonyeshe yeyote, hata Shemeji. Ifiche mahali pasipo na unyevu. Ni nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga, na nataka angalau mtu mmoja awe ameiona.

Mdogo wako,
Kanyere