Wakiwauliza Habari za Baba

Ilomba, Mbeya
Machi 1956

Mdogo wangu Rebeka,

Kamwene. Natumaini barua hii inakukuta umeketi, maana ni ndefu na inataka kusomwa polepole. Mama anaendeleaje na miguu yake? Baridi ya Kilolo naijua mwezi huu, ukungu hautoki mpaka saa nne, naye hakubali kuvaa soksi. Mwambie nimesema mimi, mwanawe wa kwanza mwenye mvi, avae. Huku tu wazima. Mvua ni nyingi, mahindi yamenipita urefu, na kifua changu kinakohoa kama ilivyo desturi yake.

Sasa nakuomba jambo. Barua zangu zote huwa unamsomea mama kwa sauti. Hii isome kwanza peke yako, nyuma ya nyumba, kisha utajua mwenyewe kipi cha kumsomea.

Ni habari za Tobia. Niliwaandikia mwaka jana kwamba mdogo wetu aliugua akili huko kwenye mashamba ya chai, akaletwa Mbeya, na kwamba anatibiwa. Neno hilo la kutibiwa niliandika kwa kukosa jingine. Alikuwa gerezani. Hakuiba. Alivua nguo sokoni akawahubiria wauza ndizi tangu asubuhi mpaka jua kali, askari wakamchukua. Na kwetu sisi Waafrika utaratibu ndio huo: aliyeharibikiwa akili hufungwa kwanza, atazamwe, mpaka daktari aandike na hakimu aamue kama apelekwe hospitali kubwa ya wagonjwa wa akili, iliyo mbali huko kaskazini, au arudi kwao. Tobia alilala sakafuni pamoja na wezi wa ng'ombe. Walimwita Askofu, wakamtaka awahubirie kabla hajapewa chakula chake.

Nikueleze zaidi, maana unajua sipendi jambo libaki nusu. Siku hizohizo mke wa mkulima mmoja wa Kizungu alipatwa na ugonjwa wa namna hiyo. Mtoto wake alikuwa amefariki, naye akawa anamwekea sahani mezani kila mlo na kumsemesha. Mpishi wao anasali nasi, ndiye aliyenisimulia. Daktari yuleyule wa Tobia alimfuata nyumbani kwake, akanywa chai, akasema mama huyu ana huzuni, apumzike. Alipandishwa ndege kwenda kwao, na muuguzi pembeni yake. Kisha kuna Mhindi mwenye duka la vitambaa. Kaka yake alikuwa akipiga kelele chumba cha juu. Daktari aliingizwa kwa mlango wa nyuma, na baadaye ndugu wakamsafirisha mtu wao kwa meli mpaka Bombay, wala sokoni halikusemwa neno. Huyo alifichwa, yule mama akapumzishwa. Wetu ndiye aliyevuliwa mkanda asije akajinyonga.

Hata hivyo, Rebeka, Tobia alipona. Nilikuwa nampelekea viazi na maziwa kila Jumapili baada ya ibada. Wiki ya saba alinitazama akauliza kama yule ng'ombe mwekundu wa mama amezaa. Mlinzi wa gereza, Mnyakyusa mmoja mcheshi, aliniambia, "Mzee, Askofu wenu amestaafu. Mchukue, anatumalizia uji." Basi siku ya kusikilizwa nilivaa koti langu la Krismasi, na nyumbani nikaacha kitanda kimetandikwa.

Bomani mkalimani wa Kihehe ni mimi tu. Hakimu alijua kwamba Tobia ni ndugu yangu, lakini hapakuwa na mwingine, akaniapisha. Na fomu ya habari zake nilikuwa nimeijaza mwenyewe jana yake, kwa ule mwandiko wangu mnaousifu. Palipoandikwa hali ya baba, niliandika: amefariki, miaka kumi na moja sasa.

Daktari alianza vizuri. "Muulize kama anajua yuko wapi."

Tobia akanijibu kwa Kihehe, "Kaka, mwambie mimi niko kifungoni na yeye yuko kitini."

Nikafasiri. Hakimu mwenyewe akacheka. Daktari akaandika, nikaona kichwa chake kinakubali.

"Nani alimfundisha kulima?"

"Baba."

"Baba yake yuko wapi?"

"Yuko Kilolo, juu ya shamba la mianzi."

"Huwa anaongea naye?"

Tobia akashangaa kama mtu aliyeulizwa kama anakula. "Naongea naye. Mtoto gani aliyelelewa asiongee na baba yake?"

"Mara ya mwisho ilikuwa lini?"

"Leo asubuhi, walipotugawia uji. Nilimmwagia tone lake, nikamwambia natoka leo."

"Naye alisema nini?"

"Alikubali."

Yote hayo niliyafasiri neno kwa neno, Rebeka, na Mungu anisamehe, niliona fahari kwa jinsi nilivyoyafasiri vizuri. Ndipo daktari akaivuta ile fomu. Kidole chake kikashuka taratibu mpaka kwenye mstari niliouandika mimi.

Nikasema, "Bwana, naomba nieleze. Kwetu mtu hanywi kitu kabla hajammwagia baba tone la kwanza na kumtaja. Ni adabu tu, kama ninyi mnavyofumba macho kabla ya kula. Huyu angekaa bila kufanya hivyo, ndipo mama yetu angesema amechanganyikiwa."

Hakimu akasema, "Karani, umeapa kufasiri. Hukuapa kutoa ushahidi."

Lakini daktari aliinua macho, akanitazama kwa makini sana, kama anavyomtazama mgonjwa. Akauliza kwa upole, "Na wewe je? Wewe pia unaongea naye?"

Miaka yangu yote ya kalamu, na nyumba hii ninayokaa kwa sababu ya kazi yangu, vilikuja mbele yangu.

Tobia hakuelewa Kiingereza, ila uso wangu aliuelewa. Akasema, "Kaka, mbona huwaambii na wewe? Waambie hata wewe asubuhi umemmwagia chai."

Daktari akauliza, "Anasema nini?"

Nikajibu, "Anauliza kama shauri lake limekwisha."

Hilo ndilo neno pekee nililofasiri vibaya siku ile. Hakimu akasema ndiyo, limekwisha, akatia sahihi apelekwe ile hospitali kubwa. Tobia alidhani anarudi nyumbani. Alinishukuru kwa mikono miwili.

Walimpakia kwenye lori siku ya tatu, askari wawili na pingu. Na njia, mdogo wangu, ni ileile ya Iringa. Alipita Kihesa mchana kweupe, Ijumaa, siku yako ya kuuza viazi mjini. Huenda lori lile lilikupakaa vumbi.

Haya sikuyaandika mapema kwa sababu ya aibu. Nayaandika leo kwa sababu barua imefika bomani kutoka hospitali hiyo. Wanasema Tobia ametulia. Amepoteza meno mawili ya mbele. Hawakueleza jinsi gani. Wanasema pia kwamba sasa akipewa uji anakunywa bila kumwaga, na hiyo ndiyo dalili ya kupona waliyoiandika kwanza.

Wako tayari kumrudisha, ila wanataka kwanza kuijua nyumba anayorudi. Baada ya Pasaka atakuja kwenu dresa wa serikali, msaidizi wa daktari, pamoja na karani. Watamuuliza mama, watakuuliza wewe, watamuuliza Marita mkewe: baba wa Tobia yuko wapi? Mnaongea naye? Mkijibu kama tulivyolelewa kujibu, wataandika kwamba ugonjwa ni wa ukoo, naye hatatoka huko.

Kwa hiyo fanya hivi. Kibuyu cha pombe ya ulanzi kilichopo kaburini kiondoe, na kata yake, na kile kigoda anachokalia mama asubuhi akizungumza na mzee. Pale palipolainika kwa kumwagiwa, panda nyasi. Marita atajibu vizuri, amesoma. Shida ni mama. Mfundishe kusema, "Mume wangu alikufa, basi." Naijua sauti atakayokujibu nayo: "Nimkane mume wangu mbele ya watu ambao hata hawakumzika?" Usibishane naye. Mwambie kwamba walio hai wamemshika Tobia, na kwamba bei waliyoitaja ni baba. Akilia, mwache alie kabla ya Pasaka, asije akalia mbele yao.

Mwinjilisti wenu atafurahi akiona kaburi limesafishwa. Atadhani mahubiri yake yameshinda. Mwache adhani hivyo, pengine atatushuhudia.

Mimi wamekwisha kuniuliza, juzi, kwa maandishi. Nimejibu hapana. Na kwa kuwa mpishi wa bomani hupenda kunitazama ninapokunywa chai, siku hizi nainywa yote, mpaka chini.

Nisalimie Marita, mwambie asiuze jembe la mumewe. Nisalimie mjomba anayegema mianzi yetu, na mwambie kwa siri asilete ulanzi nyumbani mpaka wageni watakapoondoka. Mama mshike miguu kwa niaba yangu.

Unajua kwamba barua zangu zote huzifunga kwa kukutuma ummwagie mzee tone langu, umwambie kwamba Anania ni mzima. Leo sikutumi. Karatasi hupita mikono mingi. Ukishaisoma, itie motoni.

Kaka yako akupendaye,
Anania