Jina la Marehemu Kwenye Kompyuta

Dodoma,
Jumapili mchana.

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Bibi naye mfikishie shikamoo yake kabla hujaendelea kusoma, maana najua yuko hapo ubavuni mwako anasubiri. Goti lake linaendeleaje? Na mikorosho mwaka huu imezaa, au ugonjwa wa ubwiri umeiharibu tena? Mimi mwili mzima, ila moyo haujatulia tangu Jumanne.

Kazi yangu unaijua: hapa chuo cha wauguzi natunza kompyuta kubwa yenye alama za wanafunzi wote. Inaendeshwa na Linux, programu ambazo watu wa nchi mbalimbali huziandika na kuzigawa bure. Wenzangu walizoea kunitania kwamba cha bure hakikosi kasoro. Sasa hawatanii tena.

Jumatatu mwalimu wa somo la dawa alikuja na karatasi ya mtihani mkononi. "Zuhura, huyu binti nilimpa thelathini na moja. Kompyuta inasema sitini na moja."

Nikadhani ni kosa la kuchapa. Kila jioni programu iitwayo rsync hunakili mafaili yote kwenda kompyuta ya pili iliyoko stoo, na nakala za kila juma naziweka kando. Nikachukua ya juma lililopita, nikailinganisha na ya leo kwa amri ya diff, ambayo huonyesha mistari iliyotofautiana tu. Ukatoka mstari mmoja. Ndani ya juma moja kuna mtu kaibadilisha alama ile.

Mkuu wa chuo akaniita. "Anayeijua mashine hii ni wewe peke yako," akasema. "Nipe sababu ya kutokuita polisi."

Nikamwomba siku moja tu.

Jumanne asubuhi nikaandika amri ya last, inayotaja kila aliyeingia, saa aliyoingia na kompyuta aliyotumia. Nikateremka na orodha hadi nikakuta jina la Mzee Chilongani. Mzee Chilongani alikuwa msajili wetu. Tulimzika kabla ya mvua, mimi mwenyewe nilikuwa kwenye lori la waombolezaji. Na hapa imeandikwa kwamba aliingia Alhamisi iliyopita, saa saba mchana, watu wakiwa kwenye chakula. Kosa ni langu pia: alipofariki sikulifunga jina lake la kuingilia.

Namba ya kompyuta iliyotumika ilikuwa ya karani wake. Niliisoma namba ile mara tatu nikitamani ibadilike. Karani ni Mama Tabitha.

Ndiye yule niliyekuandikia habari zake. Mgogo wa Buigiri aliyenipokea nilipofika huku sina ndugu, akanifundisha kula ugali wa uwele kwa mlenda, na Ramadhani hunipikia futari, yeye Mkristo. Chumba nilichokuwa nalala kilikuwa chake.

Nikaenda ofisini kwake, nikafunga mlango, nikamwekea karatasi mezani. Hakuuliza ni nini.

"Ni binti wa marehemu dada yangu," akasema. "Akifeli safari hii anaondolewa. Nimemlea tangu ananyonya. Mzee alinipa neno lake la siri zamani, nimsaidie kuingiza majina."

"Mama, yule anakwenda kupimia wagonjwa dawa."

Akaigeuza ile karatasi, maandishi yakalala chini.

"Na ulijua watanishika mimi?"

Akaniangalia usoni. "Nilijua. Nikasema wewe msomi, utapata kazi kwingine."

Alisema kwa upole uleule anaoniulizia kama nimefunga dirisha.

Nikamwambia aende mwenyewe kwa mkuu kabla ya saa nane, la sivyo nitakwenda mimi. Akajitanda khanga yake, akaenda.

Amesimamishwa kazi. Alama imerudishwa ilivyokuwa. Binti ameondolewa chuoni, na hakuwa anajua lolote. Alikwisha kupeleka habari kijijini kwamba amefaulu. Mkuu aliniomba radhi mbele ya wafanyakazi wote, wakapiga makofi. Mimi nilitamani wanyamaze. Majina yote yasiyo na wenyewe nimeyafunga, na nimehamia kwa mwalimu wa dawa.

Jana nilikwenda kuchukua vitu vyangu. Mama Tabitha alikuwa uani anapepeta uwele. Akainuka, akanisaidia kufunga godoro kwa kamba. Nilipofika mlangoni ndipo akauliza, "Huko ulikohamia, chakula unapata?" Nikasema napata, nikaondoka haraka, maana nilihisi nikisimama kidogo tu nitarudi ndani.

Nisalimie kaka Hamisi pale penye cherehani yake, na shangazi Somoe, mwambie vitenge alivyoagiza nimeviona ila bado sijapata mtu wa kumpa alete. Mjomba Saidi muadhini mpe mkono wangu. Watoto wa dada wote wabusu.

Na ukiswali, Mama, mtaje na Mama Tabitha. Mimi bado siwezi.

Mwanao,
Zuhura