Maelezo ya Maliro Élysée juu ya shampoo isiyonyoosha nywele

Butembo, Jumatatu tarehe 13 Agosti 2001, saa nne asubuhi.

Naitwa Maliro Élysée, miaka 52, fundi wa kushona, Mkatoliki, mkaaji wa Mususa. Mlalamikaji, Masika Berthe, ni mke wangu. Sikuitwa. Nimekuja mwenyewe niliposikia kwamba Fadhili, muuzaji wa sokoni, amefungwa kwa ajili yetu.

Mwaka jana mke wangu alinyoa kichwa kwa matanga ya Jéthro, mtoto wetu aliyeuawa njiani Mutwanga. Nywele zimeota urefu wa kidole. Tangu siku ile hakuomba kitu chochote cha urembo.

Mnamo tarehe 9 Agosti, saa nane mchana, aliniambia: "Baba Falonne, unitafutie défrisant, ile dawa ya kunyoosha nywele. Nataka nywele ilale, siku ya ndoa ya mutoto." Falonne, binti yetu, alikuwa anaolewa Beni Jumamosi. Nilifurahi mpaka nikasahau kofia yangu kwenye cherehani.

Nilizunguka soko lote. Fadhili aliniambia: "Papa Maliro, défrisant haiko. Camion za mizigo toka mpaka wa Kasindi hazikufika, vita. Niko na shampoo tu. Lakini shampoo iko sabuni, hapana pasi." Mimi mshonaji, pasi naijua. Nilinunua hivyo hivyo, kwani ningerudi mikono mitupu namna gani?

Mke wangu hasomi Kifaransa. Nilimsomea chupa, nikaongeza langu: "Inanyoosha nywele kwa siku mbili." Fadhili hakusema hivyo. Ni mimi.

Ijumaa jioni aliosha. Nywele zikiwa na maji, chanuo likizivuta, zilishuka kweli. Alijitazama kwenye kioo, akaimba. Akafunga kitambaa.

Jumamosi tulipanda pick-up saa kumi na mbili asubuhi. Saa tano, mlangoni pa kanisa huko Beni, alifungua kitambaa. Nywele zilikuwa zimejikunja vilevile kama zamani. Falonne alicheka, akamkumbatia: "Sasa huyu njo mama yangu!" Mama yake hakucheka. Leo asubuhi amekuja kumshtaki Fadhili, nami nilikuwa nimenyamaza kama mwoga.

Nimeulizwa kama shampoo inaweza kunyoosha nywele. Hapana. Inaziosha tu.

Nimeulizwa kwa nini nilidanganya. Nilitaka kumsikia akiimba. Na mimi nywele zake nazipenda zilivyo, tangu tukiwa vijana, ila sikupata kumwambia.

Nimesema yote kwa hiari yangu. Fadhili atoke, niingie mimi.

(Sahihi) Maliro Élysée

Nota ya OPJ Ézéchiel, mpelelezi wa polisi: Maelezo yamesomwa kwa sauti. Mlalamikaji, aliyekuwa kwenye benchi, aliomba mistari ya mwisho isomwe tena. Amefuta mashtaka na kumwomba Fadhili msamaha. Fadhili ameachiwa saa tano na nusu. Chupa, kielelezo pekee, imerudishwa kwa mlalamikaji kwa ombi lake. Alimpa mumewe aishike, akasema: "Leo utaniosha kichwa weye mwenyewe."