Salamu za Ndani ya Lifti

Chebet wangu,

Huku Soy tuko salama. Babu yako anakohoa kidogo, lakini bado anabishana na redio. Yule ng'ombe wako mwekundu amezaa, na ndama ni jike.

Umeniuliza kama ni vibaya kuwasalimia watu kwa lifti huko Toronto, maana wanakutazama kama mwendawazimu. Nimecheka, mjukuu wangu, kwa sababu mimi nilikutangulia.

Nilikuwa msichana nilipoingia lifti mara ya kwanza, hapo Eldoret mjini, nikimpelekea shangazi maziwa kazini kwake. Kwetu hatuingii mahali penye watu bila kumpa kila mmoja mkono. Basi nikaweka kibuyu chini, nikaanza kuwasalimia mmoja mmoja. Walicheka, lakini walinipa mkono. Mwanamume mmoja tu, mwenye koti, hakutoa wake mfukoni. Alisema, "Mzuri, dada," akatazama ukuta. Nikamnunia mpaka juu.

Nikitoka, mlango ukaanza kunifungia na kibuyu changu. Ni yeye aliyeuzuia, kwa bega. Ndipo mkono wa koti ukachomoka mfukoni, ukaning'inia. Ndani yake hamkuwa na kitu.

Kwa hivyo salimia tu, mama, lakini kwa mdomo, na asiyejibu usimnunie. Huwezi jua mfukoni kuna nini.

Ila siku utakayorudi, mimi usinisalimie kwa mdomo. Lete mkono. Lete yote miwili.

Ni mimi, Gogo wako