Kofia Yangu Uliyoondoka Nayo

Mtani wangu mpendwa, Babu Mihambo,

Mwangaluka. Naanza kwa salamu ya kwenu usije ukasema Mzaramo hana adabu, ingawa utasema tu, maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi yako hapa duniani na sidhani kama huko wamekupa nyingine. Sisi wazima. Bibi Tausi anakusalimu, anasema bado hajakusamehe kwa kumwita mzigo wa chumvi.

Barua hii naiacha wazi, kila mwenye macho aisome. Juzi walitujia wageni kutoka Urambo, wanataka kufungua nyumba ya wazee kwao kama hii yetu. Wakatazama vitanda, wakaonja uji, halafu wakasimama kwenye ile kamba uani wakaniuliza, "Ndugu, hii ni ya kuanikia nguo?" Nikacheka mpaka nikakaa chini. Mimi, mtu niliyefika Mombasa, Tanga na Kigoma, niliyesoma darasa la nne mara mbili ili nilijue vizuri, nikaona jambo hili haliwezi kujibiwa kwa mdomo. Linataka kalamu.

Unakumbuka siku niliyoripoti kazini hapa, mhudumu mpya? Ilikuwa miaka hii hii ya Ujamaa, ilipoanza, kila kitu cha wote, hata mablanketi yetu yalikuwa yanahama vitanda. Nilishuka kwenye treni na suruali iliyopigwa pasi na kofia yangu ya kahawia ya Dar es Salaam, nikajiona mimi ndiye ninayeiletea Tabora mji. Nikakukuta barazani unanusa ugoro.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Mtu wa wapi wewe?"

"Mzaramo."

Ukawageukia wenzako. "Jamani, tumeletewa mtani. Babu zake walikaa pwani wamekunja miguu, wanangoja sisi tuwapelekee pembe za ndovu vichwani."

"Na babu zako," nikasema, "walipofika pwani waliionja bahari wakamsifu mpishi."

Ulicheka mpaka ugoro ukakupanda vibaya, ukapiga chafya kama injini. Kuanzia hapo nikawa mtu wako. Vijana wa siku hizi hawajui kwamba utani wetu huu ulizaliwa njiani, kwenye njia ya misafara, pale Mnyamwezi akifa mbali na kwao hana wa kumzika ila Mzaramo. Mtani ndiye anayekutukana ukiwa mzima na kukufukia ukifa. Mimi kwako nilifanya yote mawili, tena vizuri.

Shida yako ilikuwa alfajiri. Muadhini hajakohoa, wewe umeshaamka, umeviringisha blanketi, umelitia kichwani, huyo unatoka. Ujana wako uliumalizia kwenye upagazi, na miguu ilikuwa haijapata habari kwamba reli imefika. Msafara huondoka kabla jua halijachoma, ulikuwa ukiniambia, na anayelala huachwa. Mara ya kwanza ulianguka kwenye ngazi ya mlango, goti likavimba. Mara ya pili ulianguka njia ya chooni, kwenye sementi iliyolowa, ukapasuka paji la uso.

Mama Msimamizi hakuwa mtu mbaya, Babu, na hili nalisema wazi ili wageni wa Urambo wasimfikirie vingine. Lile jeraha alikuosha mwenyewe. "Akianguka tena tutamzika," aliniambia. Akaagiza mlango wenu ufungwe kwa kufuli kwa nje, na wewe ufungwe kiunoni kwa kamba ya katani, shuka ikizungushwa isikuchubue, mpaka jua litoke.

Hukupigana. Hapo ndipo nilipoogopa. Uligeukia ukutani. Uji ukarudi jikoni kama ulivyotoka. Nikautukana ukoo wako wote, nikaanzia na bibi zako, hukunijibu. Mtani asiporudisha tusi, huyo anaumwa kweli. Mashavu yako yakaanza kuingia ndani.

Mwisho ukasema, bila kunitazama, "Mzaramo, njiani kulikuwa na watu wa aina mbili. Wa mzigo na wa kamba. Mimi nilikuwa wa mzigo. Nilikwenda kwa hiari yangu, nikarudi kwa hiari yangu. Wale wa kamba, watumwa waliofungwa, niliwaona kwa macho haya. Sitakufa kama wao."

Nikainuka nikaondoka bila kukutukana. Andika hiyo ukutani huko uliko, maana haijatokea tena.

Nikaenda kwa Mama Msimamizi. "Mama, naomba ile kamba."

"Ya nini?"

"Mimi ni mtani wake. Kitu cha mtani nachukua bila kuomba. Nimeomba kwa heshima yako tu."

"Na akianguka?"

"Ataniangukia mimi. Nimenona, nitamfaa kama godoro."

Alitaka kucheka akajizuia. "Mpaka Ijumaa kufuli nitalifungua alfajiri," akasema. "Akipata hata mchubuko, kamba inarudi kitandani."

Basi kazi ikaanza. Nilichimba mashimo, nikasimamisha nguzo, nikaiunga ile kamba na nyingine, nikaivuta kutoka mlangoni kwenu, ikapita kwenye ngazi, ikaenda chooni, ikaishia jikoni. Urefu wa kiuno, ili mkono uipate bila kuitafuta. Penye kona nikapiga fundo, mkono ujue kabla ya mguu. Ile sementi ya utelezi nikaigongagonga kwa tindo mpaka ikawa na meno. Kandili nikaitundika kwenye ngazi. Watu wanasema nilisaidiwa. Waache waseme, anayeandika ni mimi.

Alfajiri ya kwanza nikafanya kosa la watu wa pwani. Nilikushika mkono nikatangulia mbele, kifua nje, kama askari na mtuhumiwa wake. Ukakaa chini. Pale pale, kwenye umande.

"Nani anampita kirangozi?" ukauliza.

"Kirangozi ndiye nani?"

"Mwenye kutangulia. Anayejua njia. Mimi. Kwenye msafara, mtu akimpita kirangozi hunyang'anywa kitu chake, hakipati tena mpaka akikomboe kambini. Lete kofia."

Nikakupa kofia yangu ya Dar es Salaam, ukaivaa, ukasimama, ukashika kamba, ukaenda. Nami nikafuata nyuma. Na huko nyuma, Babu, nikagundua kwamba ndiko mahali pa mhudumu. Ukiwa mbele ya mzee unajiona mwenyewe tu. Ukiwa nyuma unaona magoti yake, na goti hukwambia kabla mwenyewe hajajua. Mkono wako uko karibu na mgongo wake, haumgusi, lakini upo. Hilo darasa la nne hawakunifundisha, hata mara ya pili.

Ngazi ukaiita Tura, kambi ya njiani ya misafara yenu. Choo ukakiita Ugogo, kwa kuwa huko hapiti mtu bila kutoa hongo. Jikoni ndiyo ikawa Bagamoyo, kambi ya mwisho, na kofia yangu niliikomboa huko kwa kikombe cha uji. Ulikunywa wote. Ukaomba mwingine, ukasema huu wa kwanza ulikuwa wa kirangozi, sasa lete wa Mihambo.

Bibi Tausi alikuwa anatutazama dirishani. Unamjua, mshonaji wa mjini, mtu wa watu. "Mimi nimezaliwa kwenye nyumba ya mlango wa nakshi," akasema. "Sifuatani na wapagazi." Alfajiri iliyofuata huyo, na kibunda chake kwapani.

"Nakwenda chooni tu," akasema.

"Basi shika kamba, mzigo wa chumvi," ukamwambia, "usije ukayeyuka kwa umande."

Na wengine wakaja. Wewe unaita, "Mizigo!" Wao wanaitika, "Juu!" Watu waliokuwa hawaamki mpaka wavutwe wakawa wananigombeza mimi nimechelewa. Sufuria za uji zikawa zinarudi zimekwanguliwa.

Ijumaa ikafika. Mama Msimamizi akatoka na funguo zake mkononi, anakimbilia stoo kutoa sukari, akakupita pale Tura.

"Ndugu Msimamizi," ukaita kwa sauti ya mkutano wa chama. "Umempita kirangozi. Lete hicho ulichoshika."

Akanitazama mimi. Mimi nikatazama mawingu. Akakupa funguo.

Tulipofika Bagamoyo akazikomboa kwa uji, ukamrudishia, akazikagua. "Babu, na ule wa kufuli la mlango wenu?"

"Huo nimeulipia hongo Ugogo," ukasema, ukaendelea kunywa.

Mama akashika nguzo ya jiko akacheka, machozi yakamtoka, kitambaa kikamdondoka kichwani. Kufuli jingine hakununua. Ule ufunguo uko chini ya choo mpaka leo, na sijaona mtu aliyejitolea kuufuata.

Baada ya hapo uliishi ukanenepa, ukatunyanyasa mvua na kiangazi. Ukaondoka ukiwa kitandani kwako, hujafungwa, umelala ubavu na miguu imeelekea mlangoni. Chini ya mto tukaikuta kofia yangu. Asubuhi ya jana yake nilikupita nikimfukuza mbuzi aliyekuwa anakula kibunda cha Bibi Tausi, na jikoni nikasahau kuikomboa.

Kwenye maziko nilifanya haki yangu. Niliingia kaburini kwako nikalala chali, nikakataa kutoka. "Hapa pananitosha mimi," nikasema. "Huyu Mnyamwezi atembee, ndiyo kazi yake." Watu waliokuwa wanalia wakaanza kuangua vicheko, Mama Msimamizi akanivuta mguu. Alitaka kunirudishia kofia. Nikamwambia hapana, sheria ni sheria, hatujafika kambini. Nikakuwekea kifuani kwa mkono wangu.

Sasa kirangozi ni Bibi Tausi. Anakwenda polepole kuliko konokono na anasimama kila nguzo kusengenya. Watu wakimpita anawanyang'anya kila kitu, hata miwani. Lakini tangu mlango ule uachwe wazi hajavunjika mtu mfupa, na hao wageni wa Urambo wameondoka na kipande cha kamba cha kuonyesha kwao. Nimewaambia kamba wataipata dukani. Cha kuomba Mungu ni mtani.

Nami umri unakuja, Babu. Magoti yangu yameanza kusema yakipita pale Tura, nami nashika kamba kidogo, nikijifanya naikagua. Usifurahi sana. Wewe tangulia, njia unaijua, na mimi nimeshajifunza kutompita kirangozi. Nakuja nyuma yako taratibu, tena taratibu sana, sina haraka hata chembe.

Kofia yangu itunze, usiipake ugoro. Nitaikomboa kambini.

Ni mimi mtani wako wa nyuma,
Mzaramo