Kiwiko cha Vigae na Cherehani ya Mama Yako

Chumba cha nyuma, nyumbani kwa mama yako,
Jumatano, saa ya chai.

Mpendwa mpwa wangu,

Kuanzia leo ukiniandikia anza na "Mheshimiwa", maana mjomba wako amewapiga watu wa bahati nasibu mpaka wakaomba maji. Namba zao nimezikamata zote, na sasa hivi nawaza rangi ya gari.

Haya, gari bado. Na aliyeshinda si mimi hasa, ni mama yako. Na alichoshinda kilitosha sabuni, sukari na pazia la mlango. Lakini namba zilikuwa zangu, hilo usininyime.

Wewe u mzima? Mgongo unaendeleaje na hayo makasha ya ghala la barafu? Unavaa soksi mbili kama nilivyokuambia, au bado unajifanya kijana? Mimi sijambo, ukiacha magoti, ambayo niliyasahau kwenye sakafu za watu miaka yote ile ya kuweka vigae. Meno yaliyobaki yanatosha kutabasamu upande mmoja. Mama yako naye mwili hauna neno. Ni kichwa chake kilichonifanya nishike kalamu, na mtu aliyeachwa na shule darasa la nne hashiki kalamu kwa starehe.

Mambo yenyewe ni hivi. Bahati nasibu yetu ina namba moja hadi arobaini na tisa, na kila Jumamosi jioni zinatolewa sita. Sasa, sakafu ya chumba changu niliiweka mwenyewe kwa mabaki ya kazi za matajiri, saba kwa saba, hakuna vigae viwili vinavyofanana. Saba mara saba ni ngapi? Umeona! Nikaandika namba kwa chaki, kila kigae na yake. Kila droo ikitoka naweka vizibo vya soda juu ya zile sita, nakaa kitandani, naangalia.

Mpwa wangu, niliona mambo. Wiki hii ngazi, wiki ile mkia wa paka. Halafu nikaona kiwiko. Kinaanzia nne, kinateremka kwa mshazari hadi kumi na mbili, ishirini, ishirini na nane, hapo kinagonga ukuta, kinakunja kurudi ndani, thelathini na nne, arobaini. Mama yako akapita na ufagio, akasimama. Nikamwambia kwa sauti ya profesa kwamba hicho kiwiko kimejitokeza nusunusu wiki kadhaa, sasa kimeiva. Nilikuwa namtania, nusu. Ile nusu nyingine nilikuwa naamini kabisa, na ndiyo iliyomwambukiza.

Akanunua tiketi. Zikatoka nne, kumi na mbili na ishirini. Sijawahi kuona mwanamke wa umri ule akiruka namna ile.

Tangu siku hiyo kila asubuhi alikuwa anavua viatu mlangoni kwangu, anauliza, "Kaka, leo wanasemaje?" kana kwamba vizibo ni wagonjwa na mimi ndiye daktari. Nakwambia ukweli, nilinogewa. Ni lini mara ya mwisho mama yako kuniuliza kitu zaidi ya "umefunga mlango?"

Kumbe mwenzangu anapiga hesabu. Anasema tiketi moja ni kubahatisha, ila akinunua viwiko vyote vinavyowezekana pale sakafuni, vya kushoto, vya kulia, vilivyopinda juu na vilivyopinda chini, hana pa kukosea. Na ili avinunue vyote, anauza cherehani. Ndiyo, hiyo hiyo ya miguu, iliyokushonea kaptula zote ulizochana. Mnunuzi alikuja juzi, akaikagua kuanzia mguu hadi gurudumu, akapima upana wa mlango. Ijumaa asubuhi anakuja na mkokoteni.

Na unajua anautaka huo utajiri wa nini? Wewe. "Mwanangu atoke kwenye barafu." Analisema hilo huku anakunja nguo za wateja, hata haniangalii. Nilitaka nifanye mzaha, nikajikuta nimechukua shati moja namsaidia kukunja.

Nikarudi chumbani nifikirie. Kwa hasira nikalipiga teke kopo la vizibo, vikatapakaa. Nikainama kuviokota na magoti yangu haya, nikaona nini? Kiwiko. Safi kabisa, kama cha kupimwa kwa kamba. Nikavikusanya, nikavirusha tena, nikaona birika. Nikarusha tena, ngazi. Vizibo vilivyorushwa na mzee mwenye hasira havina siri yoyote, mpwa wangu. Ni jicho langu. Hili jicho limekula mshahara miaka yote kwa kutafuta mpangilio. Ukilimwagia takataka, litakurudishia ua.

Nikaenda mbio kumwambia. Mbio zangu za siku hizi, lakini mbio.

"Zile namba ni upuuzi," nikasema. "Hazifuati kitu."

Hata mguu hakuutoa kwenye cherehani. "Juzi nilikuwa mwanafunzi wako bora. Leo upuuzi?"

"Nimegundua leo."

"Umegundua zimekaribia kutoka, basi. Unataka ule peke yako."

"Nile peke yangu kwa meno gani?"

"Kaka, nakujua tangu tukigombania ukoko."

Ndiyo hapo nilipo. Nikisema zinakuja, anauza. Nikisema haziji, anauza haraka zaidi.

Usidhani nimekaa tu. Jana niliuchomoa mkanda wa cherehani, nikaufunga kiunoni chini ya shati, nikisema bila mkanda hainunuliki. Jioni mama yako akaja akanikumbatia. Machozi yakanilenga, nikajua nimesamehewa. Kumbe ananipapasa! Ameuvuta mkanda wake na shati langu likapoteza kifungo. Nimekwenda pia kwa muuza tiketi wa kona, nikamwomba amkatae akija. Akacheka. "Mzee, nikikataa wateja nitakula vigae vyako?" Nikamuuliza kama yeye mwenyewe huwa anacheza. Akaacha kucheka, akaanza kupanga penseli zake.

Usiniulize kama mimi nimeacha. Nina tiketi moja tu mfukoni, ya kuagana.

Utasema kwa nini nisipige simu. Yangu ilifia kwenye ndoo ya kufulia. Namba yako ipo kwenye simu ya mama yako, na simu ya mama yako inakaa kifuani mwake, ambako kaka mtu hafiki. Namba zilizotoka mwaka mzima ninazo kichwani, yako sina. Cheka, nimestahili. Barua hii naikabidhi kwa kondakta wa basi la alfajiri, yule mwenye kovu la nyusi, ameapa kukuletea hadi getini. Kesho Alhamisi jioni iko mkononi mwako. Ikichelewa, mkokoteni utatangulia, na sitaki hata kufikiria mama yako atakaa wapi asubuhi ya Jumatatu, miguu imezoea kukanyaga na chini hakuna kitu.

Msalimie mkeo, mwambie deni la kunicheka nalikumbuka. Msalimie yule mdogo aliyerithi masikio yangu, asihuzunike, yatamfaa kwenye upepo. Babu wa upande wa mkeo mpe heshima zangu, hata kama hazitaki. Mungu akulinde na baridi, na akujalie mikono yenye joto mpaka uzeeni.

Sasa la mwisho. Unakumbuka siku mwalimu mkuu alipomtaka baba yako, na wewe ukanipeleka mimi? Nilivaa tai ya kuazima, nikawa baba yako asubuhi nzima, nikatukanwa kwa niaba yake, na mama yako hajui hadi leo. Hukunilipa. Sikudai, deni hilo nilikuwa nalihifadhi.

Ukimaliza kusoma, mpigie mama yako. Barua hii usiitaje, vigae usivitaje, wala usimwambie asiuze, maana atajua ni mimi. Mwambie tu unahitaji suruali mbili za kazi, nzito, zenye bitana, na kwamba za dukani zinakubana. Na akianza kukutajia vipimo vyako vya zamani, mwambie umenenepa, ili akate upya.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye na nisiyelala hadi niisikie ile cherehani kupitia ukutani.