Kidonge kwa Kila Sirene

Likasi, Jumapili baada ya misa

Yaya yangu Henriette, dada yetu mkubwa,

Nakusalimu wewe na shemeji na watoto wote wa nyumba. Mko wazima? Ziwa bado linawapa samaki? Huku mimi na mke wangu Bernadette tunapumua. Zaidi ya hapo nisikudanganye. Tafadhali, yaya, kaa chini, na usisome barua hii kwa sauti. Kama mama yuko karibu, msomee salamu tu.

Mdogo wetu Placide ametuacha. Ni Jumatano iliyopita, na Alhamisi tukamzika. Nimeyaandika maneno hayo mara tatu kwenye karatasi nyingine nikazichana, maana sikuona namna ya kuyafanya mepesi.

Hakufa shimoni, ingawa alikuwa anachimba kule Kambove kama vijana wote tangu kazi ya kampuni ilipokufa. Shimoni alitoka na maumivu ya mgongo tu, akaja kwangu hawezi kuinama hata kufunga viatu. Nami nilikuwa na ile dawa ya mgongo wangu, indometasini. Siku dispanseri ya kampuni inafungwa, munganga wetu, tabibu wa hapo, alinipa kopo la mwisho, akaniambia: hii ni kali, kidonge kimoja mara mbili kwa siku, tumbo likiwa na chakula, siku tano, kisha uache, na usiichanganye na aspirini, hizo ni za ukoo mmoja. Nikaitika, ndiyo munganga. Lakini unajua kwetu dawa ya kampuni haijawahi kuwa ya mtu mmoja. Tangu wakati wa baba, akipewa, anagawa. Nikagawa. Sehemu kwa Placide, sehemu nikaituma huko kwenye kopo la maziwa kwa ajili ya magoti ya mama. Maneno ya munganga sikuyagawa yote.

Placide aliniuliza ameze wakati gani. Saa ya ukutani tuliiuza zamani, nikamwambia afuate sirene. Si ndivyo tulivyolelewa? Kuamka, kula, kwenda shule, vyote kwa sirene, king'ora cha kiwanda. Mimi kichwani nilikuwa na ile ya asubuhi na ile ya jioni. Yeye alikuwa amelala pale kwenye mkeka anazisikia zote, ya kuamsha, ya kuingia, ya saa sita, ya kurudi, ya kutoka. Tanuru zimepoa, watu hawaingii, lakini sirene inalia vilevile. Alikuwa anameza tano kwa siku, yaya. Na siku hizi tunakula mara moja tu, jioni, ugali wa bukari na majani ya sombe. Aspirini alikuwa anaitafuta sokoni na kuiongeza juu yake.

Mgongo ulipona kweli. Alisimama, akacheka, tukamshukuru Mungu. Alipoanza kusema tumbo linamwaka moto, nilidhani ni njaa, kwa kuwa sisi wote linatuwaka. Bernadette ndiye aliyemuuliza kuhusu choo, akakiri ni cheusi kama lami. Tukataka kumpeleka hospitali, akakataa.

“Weye yaya hauone, mugongo imepona,” aliniambia mimi mkubwa wake. “Minye niko muzima.”

Kesho yake akatapika damu. Tulimpeleka kwa baiskeli, alifika anapumua, lakini damu ya kumwongezea haikupatikana. Munganga wetu alikuja kwenye kilio. Aliniuliza Placide alimeza ngapi, nikamwambia. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Sasa mama. Barua yangu ya Pasaka ilisema ameze kimoja kila magoti yakiuma. Nilikosa, yaya, ifuteni. Munganga anasema mtu wa umri wake, tena mwenye presha, asiiguse bila kupimwa na daktari. Muulize taratibu: tumbo linamwaka? Choo ni cheusi? Miguu imevimba, mkojo umepungua? Kimoja tu kikiwapo, mpeleke zahanati ya masista siku hiyohiyo, na ubebe kopo walione. Hata kisipokuwapo, asimeze tena. Magoti uyakande kwa maji ya moto.

Msalimie shangazi Veronika aliyetulea, na mjomba Kaskile katekista, amwombee Placide. Barua hii inakuja mkononi mwa mama Godelive, muuza samaki. Mpe neno la kunirudishia kabla hajapanda treni.

Nakuomba jambo moja, na ulifuate kama nilivyoliandika. Usimwambie mama habari za Placide kabla hujalitoa kopo. Najua analiweka nyuma ya picha ya Bikira. Litoe kwanza, ndipo umkalishe chini. Kwa maana akisikia mwanawe wa mwisho hayupo, mwili wote utamuuma, na mkono wake utakwenda kwenye dawa niliyomtumia mimi.

Mdogo wako aliyebaki,
Anselme